Nzi ndani ya sandarusi, nzi chini ya vanishi: historia ya ung'avu uliotoka Rufiji

Swali la leo ni dogo kama punje ya mtama. Mtu amefunga manyoya na uzi wa hariri kwenye ndoano mpaka imefanana na mdudu. Amekaza fundo la mwisho. Sasa anataka kuweka tone moja la kitu angavu juu ya lile fundo ili lisifumuke majini. Aweke nini?

Wanaovua kwa nzi bandia hubishana kuhusu tone hilo kama sisi tunavyobishana kuhusu Simba na Yanga. Kuna anayetaka rangi ya kucha, kuna anayetaka gundi ya haraka, kuna anayetaka resini ya kisasa inayokaushwa kwa tochi. Kumbe mabishano haya ni ya zamani, na katika karne ya 19 moja ya majibu yaliyoheshimiwa sana lilikuwa linachimbwa kwa jembe kwenye mchanga mwekundu wa pwani yetu: Uzaramo, nyanda za juu zinazozunguka delta ya Rufiji, hadi upande wa Kilwa. Jibu hilo ni sandarusi.

Makala hii inafuata sandarusi kutoka ardhini hadi kwenye kichwa cha nzi bandia. Njiani tutakutana na kemia kidogo, mkataba wa mwaka 1839, mji wa Salem kule Marekani, na neno moja la Kiswahili ambalo kwa maoni yangu linastahili nafasi katika historia ya sayansi.

Kwanza, nzi bandia ni nini?

Kwa mvuvi wa delta, chambo ni kamba, uduvi au kipande cha samaki. Uvuvi wa nzi bandia una hesabu nyingine. Samaki wa mito ya baridi, hasa trauti, hula wadudu wadogo wanaoelea juu ya maji. Huwezi kumchoma mdudu wa milimita chache kwenye ndoano, kwa hiyo unamtengeneza: manyoya ya jogoo, nywele za mnyama, uzi mwembamba.

Afrika Mashariki hatuko mbali na ufundi huu. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliingiza trauti katika mto Gura, kwenye safu ya Aberdare nchini Kenya. Baadaye Kenya ikawa miongoni mwa nchi zinazofunga nzi hawa kwa mkono na kuwauza nje. Kwa hiyo samaki ng'ambo anaweza kudanganywa na mdudu aliyefungwa na vidole vya Mkenya.

Sasa, lile tone la mwisho lina kazi gani? Nimezihesabu nne.

Kazi ya kwanza ni kufunga uzi. Vanishi nyepesi inapenya katikati ya nyuzi kabla ya kukauka, kisha inazishika zote pamoja. Ikiwa nzito sana inakaa juu juu tu, na fundo chini yake linabaki bila ulinzi.

Ya pili ni kuzuia maji. Hariri inayolowa na kukauka mara kwa mara inalegea, na mwishowe inaoza.

Ya tatu ni kustahimili meno na mawe. Hapa kuna mtego, kwa sababu kitu kigumu sana hupasuka na kitu laini sana huchubuka.

Ya nne ni ya macho. Hariri kavu inaonekana ya mpauko kwa sababu katikati ya nyuzi zake kuna hewa. Kila mara mwanga unapotoka kwenye hewa kuingia kwenye hariri, unapinda na kutawanyika. Kiwango cha kupinda mwanga cha hewa ni karibu 1, cha hariri ni zaidi kidogo ya 1.5, na cha vanishi ni karibu 1.5. Vanishi ikifukuza hewa, tofauti hiyo inapotea, mwanga unapita, na rangi ya uzi inakolea. Ni sayansi ileile ya shati jeupe linaloonesha ndani likilowa mvua. Ndiyo maana fundi mzuri huchagua rangi ya uzi akijua itakavyokuwa baada ya vanishi, na siyo ilivyo kwenye kibonge.

Vanishi mbili, tabia mbili

Karne ya 19 fundi wa Uingereza alikuwa na njia mbili kuu.

Moja ni vanishi ya spiriti. Unachukua shelaki, ambayo ni gamba linalotolewa na mdudu mdogo wa India aitwaye Kerria lacca, unaiyeyusha kwenye spiriti, unapaka. Spiriti inaruka, shelaki inabaki. Hakuna mmenyuko wowote wa kikemia hapo, ni kukauka tu. Uzuri wake ni kasi, maana dakika chache zinatosha. Ubaya wake ni kwamba ikikaa majini inaweza kuweka weupe kama ukungu, na ukiigusa tena na spiriti inayeyuka upya.

Njia ya pili ni vanishi ya mafuta. Hapa unachukua utomvu mgumu wa mti, unauunganisha na mafuta ya kitani, kisha unapunguza uzito kwa tapentaini. Tapentaini ikiruka, kazi ndiyo kwanza inaanza: mafuta ya kitani yanavuta oksijeni kutoka hewani na molekuli zake zinashikana kuwa wavu mmoja. Ukishakauka, wavu huo hauyeyuki tena kirahisi. Inachukua siku nzima au zaidi, lakini unapata ngozi ngumu, inayong'aa, inayonyumbuka kidogo na isiyoogopa maji.

Ugumu wa ngozi hiyo unategemea utomvu uliotumia. Wafanyabiashara waliziita tomvu za namna hii kopali, neno lililotokana na copalli, yaani ubani, katika lugha ya Kinahuatl ya Meksiko. Kopali zilitoka sehemu nyingi: Angola, Sierra Leone, Manila, Kongo. Ile iliyohesabiwa ngumu kuliko zote sokoni iliitwa kopali ya Zanzibar. Ilipakwa kwenye magari ya farasi, samani, vinanda, na fimbo za kuvulia. Kichwa cha nzi bandia kilikuwa mteja mdogo kabisa kwenye foleni hiyo. Lakini kilitaka sifa zilezile zilizotakiwa na gari la farasi: ung'avu, ugumu, na kustahimili mvua.

Tatizo ni kwamba Zanzibar haikuwa chimbuko lake. Sandarusi nyingi ilitoka bara.

Mti, mchanga na muda

Sandarusi ni utomvu wa msandarusi, ambao wataalamu wa mimea wanauita Hymenaea verrucosa. Zamani uliitwa Trachylobium verrucosum, na utalikuta jina hilo kwenye vitabu vya zamani. Mti huu unapatikana katika misitu ya pwani ya Afrika Mashariki na Madagaska. Ukijeruhiwa, unatoa utomvu mzito unaoganda.

Ukiuokota utomvu huo mbichi na kujaribu kutengeneza vanishi bora, utasikitika. Ni laini na unanatananata. Kitu kinachoufanya uwe na thamani ni kuzikwa.

Ndani ya utomvu kuna asidi za kundi linaloitwa labdani, na mojawapo wanakemia wameipa jina la Zanzibar kabisa: asidi ya zanzibari. Molekuli hizi zina vifungo viwili viwili vinavyoweza kufunguka na kushikana na jirani. Utomvu ukidondoka chini na kufunikwa na mchanga, vile vijenzi vyepesi vinavyoruka vinatoka polepole, na molekuli zilizobaki zinashikana moja moja kuwa polima. Miaka inavyopita ndivyo kipande kinavyozidi kuwa kigumu. Kikiendelea hivyo kwa mamilioni ya miaka kitakuwa kaharabu. Sandarusi ya pwani yetu iko njiani tu, ni ya changa sana ukiilinganisha na kaharabu.

Umri wake bado unajadiliwa. Mwaka 2020 timu iliyoongozwa na Mónica Solórzano-Kraemer ilipendekeza mpaka mpya wa majina: utomvu ulioganda kabla ya mwaka 1760 ndio uitwe kopali, na ule wa baada ya hapo upewe jina lingine, kwa kuwa unahifadhi wadudu wa zama ambazo binadamu ameshaanza kuangamiza viumbe kwa kasi. Wadudu hao ni pamoja na nzi wa kweli, walionaswa wazimawazima mpaka mshipa wa ubawa unaonekana. Ndiyo, sandarusi ilishawahi kuhifadhi nzi muda mrefu kabla mtu hajafikiria kumpaka nzi bandia.

Neno chakazi

Turudi kwenye lile neno nililoahidi.

Richard Burton alipita pwani hii kuanzia mwaka 1857 na kitabu chake kikatoka 1860. Humo aliandika kwamba watu wa hapa wanatofautisha sandarusi ya mtini na sandarusi ya ardhini, na kwamba iliyo mbichi, isiyokomaa, inaitwa chakazi. Wafanyabiashara wa kigeni walilisikia neno hilo wakaligeuza kwa Kiingereza kuwa "jackass copal", yaani kopali ya punda. Chakazi iliuzwa India na China kwa vanishi za hali ya chini. Ile iliyokomaa ndiyo iliyokwenda Ulaya na Marekani.

Miaka michache baadaye John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, alilishughulikia suala hili kisayansi. Wakati ule haikuwa wazi kama sandarusi ya ardhini inatoka kwenye mti uleule ulio hai au kwenye mti mwingine uliokwisha kutoweka. Kirk alitumia majani na maua yaliyonaswa ndani ya vipande kuonesha kwamba ni mti uleule. Alieleza pia kwamba kuna hatua tatu: utomvu wa mtini, chakazi inayopatikana karibu na miti iliyopo, na sandarusi iliyokomaa, ambayo mara nyingi huchimbwa mahali ambapo msandarusi haupo tena.

Sasa tulia hapo kidogo. Hatua tatu za Kirk zinafanana na madaraja ya wachimbaji. Burton alilikuta neno chakazi likitumika, na Kirk naye akalikuta. Maana yake ni kwamba wachimbaji walishajua kuwa utomvu mmoja hupita hatua kadhaa, kwamba hatua hizo zinategemea muda ardhini, na kwamba kila hatua ina ugumu wake na bei yake. Walijua pia pa kuchimba: pale ambapo leo hakuna mti, ila mchanga unaonesha kwamba uliwahi kuwepo. Hawakuita jambo hilo upolimishaji. Waliliita kukomaa, na walikuwa sahihi.

Jaribio lao unaweza kulifanya hata leo. Weka tone la spiriti au asetoni juu ya kipande, subiri kidogo, kisha gusa. Utomvu mchanga unanata kwenye kidole. Uliokomaa sana hauguswi. Wauzaji wa vito hutumia njia hiyohiyo kutofautisha kopali na kaharabu.

Majina mengi, Rufiji hakuna

Uchimbaji wenyewe ulikuwa kazi ya jembe na mikono. Mtu anachimba shimo, anapekua mchanga, anaokota vipande. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, aliyeandika mwaka 2007 kuhusu biashara hii kati ya miaka ya 1820 na 1905, anaonesha kwamba sehemu kubwa ilikuwa kazi ya wakulima wenyewe, waliochimba pale ratiba ya shamba ilipowaruhusu na kuuza walipoona bei inafaa. Wageni wa Ulaya walilalamika kwamba uchimbaji ni wa kubahatisha na zana ni duni. Lakini ukiangalia kwa jicho la mkulima, mambo yanaeleweka vizuri: sandarusi haiozi. Mpunga ukiuacha unaharibika, sandarusi ukiiacha ardhini inazidi kukomaa. Kwa nini uikimbilie?

Katika miezi ya mwisho ya 1873 na mwanzo wa 1874, Frederic Elton, msaidizi wa Kirk, alitembea kutoka Dar es Salaam kuelekea Kilwa kupitia nchi ya Rufiji. Kazi yake ilihusu watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi waliohesabiwa raia wa Uingereza, lakini taarifa yake inaeleza pia machimbo ya sandarusi aliyoyapitia. Kwa hiyo tunajua kwamba bidhaa hii haikuwa ya pembeni. Ilikuwa sehemu ya maisha ya eneo zima ambalo leo tunaliita Kibiti, Rufiji na wilaya za jirani.

Na thamani yake ilijulikana juu kabisa. Mwaka 1839 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Uingereza. Mkataba uliwafungulia Waingereza milango mingi, ila ulibakiza vitu viwili kwenye pwani ya Mrima, kutoka Mtangata hadi Kilwa: pembe za ndovu na sandarusi. Mdomo wa Rufiji uko katikati ya mstari huo. Yaani Sultani alikuwa tayari kugawana karibu kila kitu, lakini siyo pembe na utomvu.

Wamarekani walikuwa wameshawahi. Mkataba wao na Sayyid Said ni wa 1833, na balozi wao wa kwanza, Richard Waters wa Salem, alifika Zanzibar 1837. Walileta kitambaa cha pamba, kile ambacho mpaka leo kinaitwa merikani, na waliondoka na pembe na sandarusi, wakipitia kwa wafanyabiashara kama Jairam Shivji, aliyeshika forodha ya Sultani. Sandarusi ilifika Salem ikiwa na gamba la udongo. Katika miaka ya 1830 Jonathan Whipple alianzisha huko kazi ya kuisafisha kwa maji ya magadi. Gamba likitoka, kipande kinabaki na vipele vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na vipele hivyo vikawa ndiyo alama ya ubora.

Sehemu nyingine ya mzigo ilipitia Bombay, ikaoshwa na kupangwa kwa madaraja huko, kisha ikaenda London. Matokeo yake utaikuta bidhaa hii kwenye vitabu ikiitwa kopali ya Zanzibar, kopali ya Bombay, kopali ya Salem, na London wakaiita animi. Ilipewa jina la kila bandari iliyoipitia isipokuwa nchi iliyochimbwa. Fundi wa London aliyeweka tone kwenye kichwa cha nzi hakuwa na namna ya kujua kwamba ung'avu ule umetoka nyuma ya delta ya Rufiji.

Kupikwa, kisha kusahaulika

Ugumu wa sandarusi una gharama. Polima iliyoshikana vizuri haiyeyuki kwenye mafuta. Watengeneza vanishi wa Ulaya walilazimika kuipasha moto zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi, mpaka polima ikatike na kipande kiwe uji. Katika hatua hiyo ilipoteza moshi mwingi, takriban robo au moja ya tano ya uzito wake, na harufu yake haikuwa ya mchezo. Ndipo yakaongezwa mafuta ya kitani ya moto na baadaye tapentaini. Viwanda viliungua. Tafadhali usijaribu nyumbani, wala kwenye maabara ya shule.

Kwa hiyo kopali laini na rahisi zaidi zilikuwa na soko lake. Kauri ya New Zealand ilipanda, na mwanzoni mwa karne ya 20 kopali ya Kongo ikaja kwa wingi.

Huku kwetu mambo yalikuwa yanabadilika kwa namna nyingine. Wajerumani walileta kodi ya nyumba, na mwaka 1898 walitenga mikoko ya delta ya Rufiji kuwa hifadhi ya msitu chini ya serikali. Uhuru wa kuingia porini na kuchagua cha kuuza ulibanwa. Baadaye yakaja mashamba ya pamba ya lazima. Julai 1905 watu wa Nandete, kwenye milima ya Matumbi kusini mwa Rufiji, waling'oa pamba, na Maji Maji ikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo. Sisemi kwamba vita vile vilitokana na sandarusi. Nasema kwamba waliosimama walikuwa watu ambao babu zao walikuwa na bidhaa waliyoichimba kwa ratiba yao wenyewe, na kuilinganisha na pamba ya kulazimishwa siyo jambo gumu. Sunseri naye anaifuata historia ya sandarusi mpaka mwaka huohuo.

Ni mwaka uleule ambao trauti wa Grogan waliingia mto Gura. Historia haina aibu.

Pigo la mwisho lilitoka maabara. Miaka ya 1920 vanishi za selulosi nitreti zilivamia viwanda vya magari kwa sababu zinakauka haraka, wakati vanishi ya mafuta ililifanya gari lisubiri kwa siku nyingi. Zikafuata resini za viwandani ambazo kila pipa linafanana na lingine. Wafungaji wa nzi walifuata wenye magari, kama walivyofanya siku zote.

Basi leo upake nini?

Ukielewa zile kazi nne, uchaguzi unakuwa mwepesi kuliko matangazo yanavyotaka uamini.

Selulosi nitreti, ambayo ndiyo mama wa rangi ya kucha angavu, inakauka kwa kuruka kwa kiyeyushi kama shelaki. Ni nyepesi, inapenya vizuri, ila inasinyaa. Tumia matabaka mawili au matatu membamba na uyape muda. Kwa nzi mdogo wa trauti inatosha kabisa.

Gundi ya haraka, sianoakrileti, iligunduliwa maabara za Kodak mwaka 1942 na Harry Coover. Inaganda kwa msaada wa unyevunyevu mdogo uliopo kila mahali, na kwa hali ya hewa ya Kibiti haitakuchelewesha. Inapenya sana, lakini ni kavu kama kigae, inaweza kupasuka, na mvuke wake unaacha weupe. Ifanye iwe ya kushika fundo, isiwe ya kung'arisha.

Epoksi ya sehemu mbili inatengeneza kichwa kinene na kigumu kwa ajili ya samaki wa baharini wenye meno. Unatakiwa kuzungusha ndoano mpaka igande, la sivyo inachuruzika upande mmoja.

Resini ya urujuanimno ndiyo inayopendwa sasa. Imejaa akrileti pamoja na kichocheo kinachoamshwa na mwanga. Ukimulika tochi yake kwa sekunde chache, molekuli zinashikana. Angalizo: chini ya uzi mweusi au mzito mwanga haufiki, na resini inabaki mbichi. Usiifanyie kazi juani, maana jua letu nalo lina urujuanimno wa kutosha kuigandisha kwenye kichupa.

Kwa zote hizi fungua madirisha, na kwa epoksi na akrileti vaa glovu, kwa sababu ngozi inaweza kuanza kuzikataa na ikishaanza hairudi nyuma.

Na vanishi ya kopali? Bado kuna wanaoipenda kwa fimbo za kale na nzi wa maonesho, kwa sababu ya ule ung'avu wa rangi ya asali. Ukinunua, soma lebo vizuri, maana jina kopali linawekwa pia juu ya vanishi zenye utomvu mwingine.

Angalia jambo la kuchekesha: resini ya tochi inafanya kwa sekunde kumi kazi ileile ambayo mchanga wa Rufiji uliufanyia utomvu wa msandarusi kwa miaka mingi. Vifungo viwili vinafunguka, molekuli zinashikana, kitu laini kinakuwa kigumu. Tofauti ni nani aliyepewa sifa.

Mto unarudi kwenye hadithi

Rufiji inazaliwa pale Kilombero na Luwegu zinapokutana. Kwenye Mnyera na Ruhudji, mito inayolisha Kilombero, watalii wa uvuvi huja leo kutafuta taigafishi, samaki wa jenasi ya Hydrocynus mwenye meno yanayotokeza nje hata mdomo ukiwa umefungwa. Wanamvua kwa nzi bandia wakubwa, na kwa meno yale kichwa cha nzi kinahitaji ngozi ngumu kwelikweli. Ngozi hiyo sasa ni resini iliyotengenezwa mbali na kuletwa kwa ndege. Bonde ambalo liliwahi kuisambazia dunia ung'avu mgumu kuliko wote sokoni linapokea ung'avu wa kichupa.

Simlilii sandarusi wala sishauri turudi kuichimba. Misitu ya pwani iliyobaki ni vipande vidogo, na msandarusi una kazi nyingine humo kuliko kuwa vanishi. Ninachotaka kibaki ni mpangilio sahihi wa historia. Katika masimulizi ya kawaida, Waafrika waliokota utomvu na Wazungu wakagundua ni kitu gani. Neno chakazi linapinga hilo. Mtu haweki daraja na bei kwenye kitu asichokielewa. Kabla Kirk hajaandika, kulikuwa na mchimbaji aliyeshika vipande viwili mkononi, akavilinganisha, akasema hiki kimekomaa na hiki bado.

Kwa mwanafunzi wa kemia, botania au historia anayetafuta mada, wazee wa Rufiji, Kibiti na Uzaramo ni mahali pazuri pa kuanzia. Ulizia chakazi. Ulizia jinsi walivyotambua mchanga wenye sandarusi mahali ambapo mti haupo. Nenda na daftari, na uandike jina la kijiji.